Maua ya matunguu ndani ya nyumba: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Kigoma

Nianze na jina maana wengi wanachanganya. Tunguu ni lile bonge la chini linalofanana na kitunguu maji, ukilipasua unakuta maganda juu ya maganda, na kila ganda limejaa chakula ambacho mmea umejiwekea akiba. Amarilisi iko hivyo, narsisi, tulipu, hayasinti, na hata yale maua mekundu ya duara yanayochomoza porini mvua za kwanza zikipiga. Mie niko Mwanga, dada yangu yuko Tabora, Isevya, wote wawili tunaotesha ndani, yeye barazani mie dirishani, na maswali tunayopata yanafanana sana kwahiyo nimeyaweka hapa yote pamoja.

Kitu kimoja nawaomba mkishike kabla hata ya kusoma majibu. Maelekezo mengi ya maua haya yameandikwa na watu wa nchi zenye baridi, wao wanasema tunguu lilale wakati wa baridi, sasa mtu wa Kigoma anasoma anaona hayamhusu anaendelea kumwagilia mwaka mzima. Yanamhusu. Baridi yao ndo kiangazi chetu. Tunguu la huku linatakiwa lilale Juni na Julai wakati nyasi zote za mlimani zimekauka, na ukilinyima huo usingizi ndo shida nyingi za hapa chini zinaanza.

Tunguu langu limekuwa laini na linanuka, nifanyeje?

Limeoza, na tisa kati ya kumi ninazoletewa chanzo ni maji. Yaani watu wanapenda maua yao, wanaona njia ya kuonesha upendo ni kikombe cha maji kila asubuhi, na chini ya chungu kuna kisahani kimejaa maji hakimwagwi. Mizizi inakosa hewa, inakufa, alafu fangasi inapanda hadi kwenye kitako cha tunguu.

Usilitupe kabla hujaliangalia. Jirani yangu mama mmoja aliniletea amarilisi yake kwenye mfuko, nikaibonyeza kidole kikazama hadi kwenye kiungo, maji ya kahawia yakatoka na harufu kama ya viazi vilivyosahaulika stoo. Nikachukua kisu kikali nikakisafisha kwa spiriti, nikaanza kumenya ganda moja moja, la kahawia natupa, la kahawia natupa, kila baada ya kukata nafuta kisu tena, mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe ngumu isiyo na doa. Kilichobaki hakikuzidi kitunguu saumu kikubwa. Ila kitako kilikuwa bado kipo upande mmoja, na hapo ndo penye uhai, maana mizizi inatokea kwenye kitako, kikiisha chote hakuna cha kuokoa. Nikakipaka unga wa salfa ya kilimo, nikakiacha juu ya gazeti kivulini siku tatu mpaka pale pa kukatwa pakawa pakavu kama ngozi, nikakipanda kwenye mchanga mtupu wenye unyevu kidogo tu. Kimechukua miaka mitatu kutoa ua, lakini kimetoa.

Kuzuia ni rahisi kuliko hayo yote. Chungu lazima kiwe na tundu. Kisahani mwaga baada ya nusu saa. Na kabla ya kumwagilia chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo mpaka chini, kichomoe, kikitoka na udongo umeganda acha, kikitoka kikavu mwagilia. Mie kwa miezi ya joto inakuwa kama mara moja kwa wiki, masika hata siku kumi zinapita.

Mwaka wa tatu huu linatoa majani tu, ua hakuna. Shida nini?

Hili ndo swali nambari moja, na jibu lina sababu nne, pitia moja moja.

Kwanza halijalala. Kama limemwagiliwa mwaka mzima bila kupumzika litaendelea kutoa majani tu. Hilo nalielezea kwenye swali linalofuata.

Pili lina njaa. Amarilisi inatengeneza tumba moja la ua ndani ya tunguu kwa kila majani manne hivi inayotoa, kwahiyo hesabu, tunguu lililotoa majani matatu mwaka mzima likakaa kona yenye giza halina cha kutengenezea ua la mwaka unaofuata. Ua unaloliona leo lilianza kutengenezwa mle ndani muda mrefu sana kabla hujaliona. Majani ndo jiko la mmea, mwanga ndo kuni.

Tatu ni dogo. Chukua uzi, lizungushe pale lilipo nene, alafu pima huo uzi kwenye rula. Chini ya sentimita 20 hivi mara nyingi halitoi ua, sio kwamba linaumwa, bado mtoto tu, livumilie.

Nne mbolea yenyewe. Watu wanachukua urea au CAN iliyobaki shambani kwenye mahindi wanaweka kijiko kwenye chungu. Hiyo ni naitrojeni, inasukuma majani, yanakuwa makubwa ya kijani mpaka unafurahi lakini maua yanakimbia, na kingine kijiko kizima kwenye chungu kidogo kinaunguza mizizi. Tumia NPK yenye uwiano, nusu kijiko cha chai kwenye lita 4 za maji, mara mbili kwa mwezi wakati majani yanakua, basi. Au samadi ya mbuzi iliyooza vizuri kabisa isiyo na joto.

Sasa hiyo kulilaza inafanyika vipi, na huku hakuna baridi?

Kwa amarilisi kinacholilaza huku ni ukavu. Wenzetu wanaliweka sehemu ya nyuzi 13 hivi, sisi hatuna, lakini ukavu peke yake unafanya kazi kubwa.

Mie naanza mwisho wa Mei. Naacha mbolea, napunguza maji, alafu Juni ikianza nasimamisha kabisa. Nachukua chungu kama kilivyo, sichimbui, nakiweka chini ya kitanda cha chumba cha wageni, sakafu ya saruji, hapafiki jua. Majani yanakuwa ya njano, yananyauka, nayakata yakishakauka. Mengine hayanyauki yote, yanabaki mawili matatu mabichi, usiyang'oe kwa nguvu, yaache. Wiki nane hadi kumi hakuna tone la maji. Watu wanaogopa sana hapa, wananiuliza si litakufa, halifi, ndo maana lina maganda yote yale.

Katikati ya Agosti nalitoa, nabadilisha udongo wa juu sentimita kama tatu, namwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, alafu nasubiri tena bila kumwagilia mpaka nione ncha. Ncha ikiwa bapa kama ulimi ni jani, ikiwa nene imevimba kama mdomo wa kasuku ni ua. Kuanzia hapo ni wiki sita hadi nane kuchanua, kwahiyo Oktoba unakuwa na maua mezani wakati nje ni vumbi tupu.

Kama la kwako liko kwenye majani mazuri na hujawahi kulilaza, usikurupuke ukalinyima maji Desemba. Liache lile mpaka Mei.

Majani yanakuwa ya njano na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Ni fangasi?

Kama ukikwangua kwa kucha unatoka kama chumvi ya unga, sio fangasi, ni maji yetu. Hapa mjini tunakunywa ziwa, na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9 (hicho ni kipimo cha uchachu, 7 ndo katikati, ikizidi hapo maji yanaelekea kwenye magadi), na madini yameyeyuka humo ya kutosha, we mwenyewe angalia kettle yako ndani. Mtu anamwagilia kidogo kidogo kila siku, maji yanapaa, madini yanabaki, mwezi kwa mwezi yanajilundika. Udongo ukishakuwa wa namna hiyo chuma kinakuwepo lakini mizizi haiwezi kukichukua, ndo unaona jani jipya limekuwa la njano ila mishipa yake bado ya kijani.

Kinga ndoo masika. Maji ya mvua ya bati yakishaosha vumbi mvua mbili tatu za mwanzo ni mazuri mno kwa matunguu, mie nina madumu ya lita 20 matano nyuma ya nyumba na yananifikisha mbali kwa vyungu kumi nilivyonavyo. Kama huna, basi mara moja kila baada ya miezi miwili peleka chungu nje, mimina maji mengi yapite yatoke chini, mara tatu mfululizo, yabebe ile chumvi, acha kichuruzike kabisa ndo ukirudishe ndani.

Na majivu msiweke, nawaomba. Najua bibi zetu walitumia majivu bustanini na yalifanya kazi kwenye udongo wao, lakini kwenye chungu kinachonyweshewa maji ya ziwa unaongeza kilekile kilichozidi.

Kama jani linalogeuka njano ni la chini kabisa, la zamani, moja kwa wakati, hiyo ni uzee tu, wala usihangaike.

Bua limerefuka mno alafu limeanguka na chungu chake.

Mwanga mdogo. Nyumba zetu zina baraza ndefu, dirisha lina nondo, wavu wa mbu, na pazia zito juu yake, mpaka mwanga ufike kwenye meza ya sebuleni umebaki kidogo sana, na mmea unajivuta kuutafuta. Sogeza chungu dirishani kabisa, jua la asubuhi mpaka saa 4 ndo zuri zaidi, la mchana kali la moja kwa moja linaunguza petali.

Dirisha gani? Sisi tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwahiyo jua halikai upande mmoja. Juni linapita kaskazini, Desemba linapita kusini, na mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi linapita juu ya kichwa kabisa. Dirisha lililokuwa na jua wakati unahamia linaweza likawa kivuli miezi sita baadae, na watu wanadhani mmea umebadilika tabia.

Kila siku mbili zungusha chungu robo mzunguko bua lisilale upande mmoja. Na kama maua ni makubwa manne juu ya bua moja chomeka kijiti cha mwanzi, ila kichomeke pembeni kwenye ukuta wa chungu, usije ukatoboa tunguu lenyewe.

Ndugu yangu kaniletea tulipu kutoka Uholanzi. Zitachanua Kigoma?

Zitachanua mara moja, ukiwa na friji na uvumilivu. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, kule theluji inakaa miezi, na ndani ya tunguu ile baridi ndo inayofungua bua lirefuke. Zinahitaji wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzi kama 5, chini ya 9 kwa vyovyote. Bila hiyo unapata majani mawili mafupi na tumba lililobanwa chini.

Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, droo ya chini ya friji, sio friza. Andika tarehe juu ya mfuko kwa kalamu. Umeme ukikatika usifungue mlango, masaa machache hayaharibu kitu.

Sasa sikilizeni hili maana mie liliniuma. Tulipu zangu za kwanza zilikuwa ishirini, nilizitunza kwenye friji kuanzia Septemba, nilihesabu wiki kama mtu anayesubiri mtoto. Novemba dada akatuma kikapu cha maembe ya Tabora kwa treni, mnayajua maembe yale, matamu mpaka mbegu, tukayapanga kwenye droo ileile juu ya mfuko wa karatasi. Januari nikazipanda, majani yakatoka mazuri kabisa ya kijivu kijani, matumba yakaonekana, alafu moja baada ya jingine yakakauka kabla ya kufunguka. Nilipasua tumba moja kwa wembe, ndani petali zilikuwepo, nyembamba kama karatasi ya sigara, za kahawia, zimekufa zikiwa ndogo kama kucha. Tumba baada ya tumba, zote ishirini.

Tunda linaloiva linatoa gesi inaitwa ethilini, ndo hiyohiyo inayofanya ndizi moja mbivu iivishe mkungu mzima, na ua la tulipu likiwa bado changa ndani ya tunguu linauawa na gesi hiyo kimyakimya, kwa nje tunguu linabaki zuri huwezi kujua. Embe, ndizi, parachichi, papai, tufaha, vyote hivyo visikae friji moja na matunguu. Na moshi wa jiko la mkaa nao una ethilini, kwahiyo mmea uliokaribia kuchanua usiuweke jikoni.

Zikishachanua huku hazirudii, tunguu limechoka na hatuna hali ya hewa ya kulirudishia nguvu. Hilo likubali mapema. Na anayekuletea mwambie mapema kwamba mimea na matunguu kuingia nchini inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, wanaohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, asije akafika uwanja wa ndege yakachukuliwa.

Hayasinti imechanua ikiwa imebanwa kati ya majani, haijapanda juu.

Baridi haikutosha, au uliitoa friji ukaipeleka moja kwa moja kwenye jua kali. Ikitoka friji iweke kwanza kwenye kona yenye kivuli wiki moja mpaka bua lipande, alafu dirishani. Na vaa glovu ukilishika tunguu lake, linawasha mikono vibaya.

Narsisi nyeupe nazo zinahitaji friji?

Zile nyeupe ndogo zenye maua mengi kwenye bua moja, hapana, hizo hazihitaji baridi, ukiweka kwenye bakuli la kokoto na maji zinachanua wiki nne mpaka sita. Kokoto za ufukweni Kibirizi zinafaa kabisa, zioshe tu. Maji yaguse kitako, yasifunike tunguu.

Shida yake ni kuanguka, zinarefuka sana kwenye joto letu. Kuna njia ambayo watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, waliitoa mwaka 2006 na mie nimeijaribu. Chipukizi likifika sentimita 3 mpaka 5 mwaga maji ya bakuli, weka maji yaliyochanganywa spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, kijiko kimoja kwa vijiko 11 vya maji. Bua linabaki fupi kwa theluthi moja hivi mpaka nusu, ua linabaki saizi yake ileile. Inafanya kazi kwa sababu spiriti inafanya mizizi ipate shida kidogo kunyonya maji. Usizidishe ukidhani litakuwa zuri zaidi, ikipita asilimia 10 unaliua.

Majani na bua yana madoa mekundu kama yameungua.

Kama ni amarilisi, na madoa ni marefu ya wekundu wa damu, na bua linapinda palipo na doa, huo ni ugonjwa wa fangasi unaopenda sana ukoo huu. Unasafiri kwa matone ya maji, kwahiyo mtu anayemwagilia juu ya majani anausambaza mwenyewe. Kata palipoharibika, choma, usitupe kwenye mboji. Mwagilia udongo tu. Tenga hicho chungu na vingine, na kama umezidi tumia dawa yenye kopa, nje ya nyumba, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti. Masika ndo unashamiri, hewa imejaa unyevu, fungua madirisha.

Kuna vitu vyeupe kama pamba katikati ya majani, na jana nimeona viwavi.

Vya pamba ni vidung'ata. Vinajificha pale majani yanapokutana na shingo ya tunguu na hata chini ya ganda la nje kavu, ndo maana unafuta leo kesho vipo. Chukua pamba ya masikioni, chovya spiriti, gusa kimoja kimoja, rudia kila baada ya siku tano kwa wiki tatu. Wakati wa kulaza tunguu menya yale maganda makavu ya nje angalia chini yake.

Viwavi weusi wenye mikanda ya njano ni jambo la haraka, usisubiri kesho. Ni watoto wa nondo wa usiku anayetaga kwenye jamii hii ya mayungiyungi, wanaingia ndani ya jani, wanakula katikati ya ngozi mbili, unaona jani limekuwa kama mfuko wa uwazi, wakimaliza wanashuka kwenye tunguu lenyewe. Kata hilo jani lote na waliomo ndani. Taa ya umeme karibu na dirisha lililo wazi usiku inawaita wazazi wao, kwahiyo wavu wa mbu unalinda maua pia.

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu, hiyo ni dalili ya udongo usiokauka. Kausha udongo, weka sentimita moja ya mchanga mkavu juu, vinaisha.

Wengi wa Tabora wananiuliza maji ya tumbaku maana tumbaku kwao ni zao la nyumbani. Yanaua wadudu ni kweli, lakini nikotini inapita kwenye ngozi na ni sumu kali kwa mtoto, mie sebuleni siruhusu. Sabuni ya kipande kidogo iliyoyeyushwa kwenye lita moja ya maji inatosha kwa wadudu wengi wa majani, alafu unasuuza.

Yana sumu? Nina mtoto anayetambaa na paka.

Yana sumu, na hapa sipunguzi maneno. Tunguu la amarilisi na la narsisi mtu akilila anatapika na kuharisha, na kwa sababu yanafanana na kitunguu maji kabisa kamwe usiyahifadhi jikoni wala kwenye kikapu cha mboga. Msichana wa kazi au mgeni anaweza kulikatia kwenye mchuzi bila kosa lake. Mie yangu yaliyo nje ya chungu nayafunga kwenye mfuko nimeandika SUMU kwa maandishi makubwa.

Glorioza, lile ua la kwetu lenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama miale ya moto, hilo lina kolkisini na mzizi wake umeshaua watu waliodhani ni kiazi kikuu. Ni zuri sana. Kama kuna mtoto, usiliweke ndani.

Paka kwa yungiyungi za kweli, zile zenye jina la kisayansi Lilium, ni hatari ya kipekee, hata akilamba chavua iliyomdondokea kwenye manyoya figo zinaweza kufa. Mwenye paka asiwe nazo.

Mtu akila chochote kati ya hivi mpelekeni hospitali mara moja mkiwa na kipande cha mmea wenyewe, msimpe maziwa mkasubiri.

Mie niko Tabora, nifanye hivyohivyo kama Kigoma?

Karibu sawa, ila Tabora iko juu, kama mita 1,200, Kigoma ziwani ni kama mita 770, kwahiyo usiku wenu wa Juni na Julai unashuka vizuri hadi nyuzi 15 hivi na matunguu yenu yanalala usingizi mzito kuliko yetu. Dada yangu maua yake yanashinda yangu kila mwaka na sababu ni hiyo. Shida yenu ni Septemba na Oktoba, joto kavu na vumbi, matumba yanakauka. Pangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki maana vumbi linaziba mwanga, na weka chungu juu ya trei ya kokoto zenye maji, kitako cha chungu kisiguse maji.

Nitumie udongo na chombo gani?

Sehemu mbili udongo, moja mchanga mnene, moja samadi iliyooza au mboji. Udongo mwekundu wa vilima vya Kigoma unashika maji sana, ongeza mchanga. Wa Tabora tayari una mchanga mwingi, ongeza mboji. Chungu cha udongo ni bora kwa sababu kinapumua. Kopo la rangi lililotobolewa nalo linafaa. Kipana kuliko tunguu kwa vidole viwili kila upande, kisizidi, na kwa amarilisi shingo na mabega ya tunguu yabaki nje ya udongo.

Ua likishanyauka nikate wapi?

Kata maua yenyewe yasitengeneze mbegu, bua liache mpaka liwe la njano, majani usiguse kabisa. Naona watu wanafunga majani fundo wapate usafi, hapana, mnaziba jiko.

Pembeni ya tunguu kumetokea vitunguu vidogo.

Hao ni watoto wake. Waache mpaka wafike saizi ya yai la kuku na wawe na mizizi yao, watenge Agosti wakati wa kuamka, watatoa ua baada ya miaka miwili au mitatu. Ukiwatenga wadogo sana wengi wanakufa.

Yale mekundu ya duara ya porini yanaweza kukaa ndani?

Yanaweza, na kwa maoni yangu ndo yangetakiwa kuwa ya kwanza kwenye nyumba zetu. Mpira mwekundu wa nyuzinyuzi, unaweza kufika upana wa sahani ya chai, unatokea ghafla mvua za kwanza za Novemba kabla hata majani hayajakamilika. Linavumilia kivuli kuliko amarilisi, linalala lenyewe kiangazi bila kuambiwa, na kalenda yake ni ya hapahapa. Panda shingo ikiwa usawa wa udongo, usilihamishe mara kwa mara, linanuna mwaka mzima mizizi ikivurugwa. Lina sumu nalo, kama ndugu zake.

Usichimbe msituni ukamaliza. Chukua mbegu, zile punje nyekundu nyororo, menya nyama yake ukiwa na glovu, laza juu ya mchanga wenye unyevu bila kufukia. Zangu za kwanza nilizipanda Aprili kwenye dumu lililokatwa, zikatoa kamzizi ndani ya wiki chache, na jani la kwanza lilipotoka lilikuwa jembamba kama la mpunga mpaka mume wangu akataka kuling'oa akidhani ni gugu.